Simu ya Mama Yako Inamuuliza Mwenyewe

Solange mwanangu,

Asubuhi umeufunga mlango wa kibanda kwa nguvu mpaka vifuniko vya soda vikaruka mezani, na skrubu zote za simu ya mama yako zikamwagika chini. Nimezitafuta kwa magoti, tochi mdomoni. Moja sijaipata mpaka sasa. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na mahali pa kwenda, maana wewe ulikuwa umekwisha kuvuka barabara, na ile simu ilikuwa imelala mezani, nyeusi, haisikii kitu.

Sasa ni alasiri. Mvua imepita, jenereta ya jirani inanguruma, na wewe uko kanisani unaagana na wenzako wa korali. Kesho alfajiri unapanda gari la Aru. Nimeona nikuandikie, kwa sababu mambo mengine mdomo wangu hauyatoi vizuri. Yakipita mdomoni yanageuka kelele, kama leo.

Sitakuandikia juu ya sweta, wala maji ya kunywa, wala namna ya kukaa na watu. Hayo shangazi zako wamekwisha kukuambia mpaka ukaziba masikio, na mjomba wako atayarudia ukifika. Nataka kukuandikia juu ya hii simu. Imenitesa wiki nzima. Lakini leo imeniuliza jambo, na sitaki uondoke kabla hujajua nimejibu nini.

Unakumbuka matanga yalipokwisha, shangazi zako walitandika mkeka uani kwetu Rwambuzi, wakagawanya vitu vya mama yako. Vikwembe vyake, vile vitenge vya kujifunga, vilienda kwa dada zake, sufuria kubwa kwa bibi yako, na simu ikasemwa ni yako. Ulikuwa bado na simu yako wakati ule, hujaibiwa. Nikasema, “Niachieni, imeanza kuchoka, nitaitengeneza.” Nikaiweka kwenye droo. Imekaa humo muda mrefu kuliko simu ya mteja yeyote niliyewahi kumchelewesha, na wewe unajua wateja wangu wanavyonilalamikia.

Mjomba alipokuita Aru ukafungue meza yako ya ufundi kando ya duka lake, nikaitoa. Nikabonyeza. Nembo ikaja, ikakaa, ikazimika, ikaja tena. Ilikuwa kama mtu anayefika mlangoni kila asubuhi, anaona kuna baridi, anarudi kulala. Nikakuambia nitakutafutia nyingine. Ukanijibu, “Papa, nitaenda na ya mama ao nitaenda mikono mitupu.”

Mikono mitupu kwenye barabara ile, Solange. Una kichwa kigumu, na najua umekitoa wapi.

Ulikuwa mdogo tulipokimbia vita Bambu, hukumbuki vizuri. Mimi nilibaki nyuma kufunga kazi yangu kwenye gunia, redio na simu za wachimba dhahabu, kana kwamba wenyewe wangekuja kuzidai njiani. Mama yako alitangulia na wewe mgongoni. Simu alikuwa nayo, lakini haikuwa na chaji. Usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimechomeka za wateja, yake nikaiacha. Nilimpigia kutoka kila kilima chenye mtandao. Nilifika Bunia nikawatafuta kanisa kwa kanisa, mpaka nikawakuta kwenye uwanja wa shule, wewe umelala ndani ya kikwembe. Akanitazama mimi na gunia langu. “Papa Solange,” akasema, “umeleta gunia nzima ya masimu, na hakuna hata moja yenye ilinipigia.” Akacheka. Mimi nilicheka baada ya miezi.

Tangu hapo sipendi mtu wangu awe barabarani na simu isiyosema. Kesho gari lako litapita upande ule ule wa Djugu tulikokimbia. Ndiyo sababu nilikuwa mkali wiki hii. Si simu tu.

Kadi ya picha tulikwisha kuitoa, picha zake ziko salama nyumbani. Kwa hiyo hatukuwa na kitu cha kuogopa. Tulikuwa na kazi ya kuiflashi tu, kuifuta programu yake ya ndani na kuiandika upya kutoka kwenye kompyuta, kazi ninayowafanyia watu kila siku huku nikila karanga. Hebu ona ilivyonifanya.

Kwanza kompyuta ilikataa kuiona. Nilifuta programu ya kuunganishia, nikaiweka tena, nikazima, nikawasha, nikailaumu kompyuta, nikakulaumu wewe kwa kukaa karibu na kompyuta. Kumbe nilikuwa nimeshika ule waya mweupe wa kuchaji tu, ambao ndani yake hamna nyuzi za kupitisha habari. Mimi ninayewaambia wengine, “Anza na waya, waya ndiye mwongo wa kwanza.” Wewe ulichukua waya mwingine, ukachomeka, kompyuta ikalia kidogo kuonyesha imeona. Afadhali ungenicheka.

Halafu faili. Faili la simu ni kubwa, na mtandao wetu unalipitisha kama unga kwenye chujio lililoziba. Unasubiri, unasubiri, linafika, unalifungua, linadai neno la siri la mtu usiyemjua wa nchi usiyoijua. Unatafuta lingine. Linafika, jina lake ni sahihi, ndani kuna kitu kingine kabisa. La tatu likawa zuri, tukaanza, mstari ukajaa mpaka nusu, na hapo jenereta ikakohoa, ikanyamaza. Betri ya kompyuta yetu ilikufa zamani. Tukabaki tunatazamana gizani, wewe na mimi, kama watu waliotupwa na pikipiki moja.

Tulipopata tena umeme tukarudia, na mstari ukajaa wote. Kompyuta ikaandika kwamba kazi imekamilika. Ukapiga makofi, mimi nikaita wapita njia waje waone. Nikabonyeza. Giza. Sasa hata nembo ilikuwa haiji. Faili lilikuwa na jina lile lile lililoandikwa mgongoni mwa simu, herufi kwa herufi, na bado simu ilikuwa imekufa kuliko mwanzo.

Ndipo tukafika asubuhi ya leo. Nitayaandika maneno yetu kama yalivyokuwa, maana nimeyarudia kichwani tangu umetoka, na kila nikiyarudia najipa maneno mazuri zaidi ambayo sikuyasema.

Nilikuwa nimepeleka mkono kwenye ile sehemu ya kufuta vyote.

“Papa, usifinye ile.”

“Juu ya nini?”

“Itafuta mpaka namba yake ya kuzaliwa. Simu itaamka, lakini mutandao hautaijua tena. Si weye ulinifundisha?”

“Sasa weye ndiye utanifundisha kazi miye?”

“Miye sikufundishe. Tufungue kwanza, tuangalie ndani. Pengine ndani iko ingine.”

“Ndani minaijua! Mama yako hataki watu wafungue-fungue simu yake.”

Skrubu ulikuwa umekwisha kuzitoa zote, ziko kwenye kifuniko cha soda; ukaweka bisibisi chini. Nikadhani nimeshinda.

“Papa,” ukasema, “mama alikufa. Na minajua unaweka mayunite mu namba yake kila mwezi. Nilikuona. Nani atazitumia?”

Nikakuambia utoke. Ukatoka.

Sikujua kwamba unajua juu ya mayunite, ule muda wa maongezi ninaomnunulia. Nikueleze sasa. Laini isipowekewa kitu, inafungwa, halafu inapewa mtu mwingine. Niliogopa kwamba siku moja nitapiga ile namba bila kufikiri, kama mkono unavyofanya wenyewe, na sauti nisiyoijua itaniambia, “Allô, nani?” Basi nikawa ninaweka. Sikukuambia kwa sababu ukilisema kwa sauti linaonekana la kijinga, na kwangu halikuwa la kijinga.

Ulipotoka nilikaa. Halafu nikafanya ulichosema. Nikafungua.

Solange, nilicheka peke yangu kwa uchungu. Ubao wa ndani haukuwa wa simu ile. Namba iliyochapishwa juu yake ilikuwa ya simu nyingine, ndugu yake, na pembeni kulikuwa na alama ya kalamu nyeusi, ile alama yangu ninayoiweka kwenye kila ubao ninaouhamisha kutoka ganda moja kwenda lingine. Ni mimi niliyeuweka. Nilikuwa nimesahau kabisa.

Ilikuwa hivi. Mama yako alikuwa ameloweka mihogo kwenye beseni, na anaongea na dada yake, simu imebanwa kati ya sikio na bega. Dada yake akasema jambo la kuchekesha. Bega likalegea. Chubwi. Akaitoa, akaifunika ndani ya mchele kama alivyosikia watu wanafanya, na baada ya siku kadhaa akanishinda ujanja, maana wageni walikuja akaupika ule mchele. Tuliula. Nakumbuka shangazi yako mkubwa alisifu wali. Simu haikupona, basi nikatafuta ubao wa simu nyingine iliyovunjika kioo, ukaingia kwenye ganda lake vizuri kabisa, na nilipotaka kumweleza akasema, “Usinielezee. Ni ile ile. Inanijua.” Nikafurahi, nikanyamaza, na jambo lenyewe likapotea kichwani mwangu.

Huku kwetu nusu ya simu zinazotufikia ziko hivyo, ganda la huyu, moyo wa yule. Naijua hiyo habari kuliko mtu yeyote hapa barabarani. Wiki nzima nimesoma maandishi ya mgongoni kama mgeni. Na linaloniuma zaidi, faili la ubao ule ninalo kwenye kompyuta yangu tangu zamani. Nimewatumikia nalo watu wengi. Ule mtandao wote, ule usiku wote, ule unga kwenye chujio, bure.

Nikatoa betri, nikashika kitufe cha kupunguza sauti, nikachomeka. Kompyuta ikaiona, ikaipoteza. Tena. Ikaiona, ikaandika kosa jekundu refu kama mkia. Nikasafisha tundu kwa mswaki mkavu, nikabadilisha waya, nikashika kitufe mpaka kidole kikafa ganzi. Nikachagua ile njia ya upole, ya kuandika tu bila kufuta vyote, kama ulivyotaka. Mstari ukajaa. Nikairudishia betri, nikabonyeza, na nembo ikaja, na safari hii haikurudi kulala. Ikaniuliza lugha. Nilitaka kukimbia mpaka kanisani kukuita.

Halafu ikauliza lingine. Ikasema simu hii imekwisha kutumiwa na mtu, aandike anwani yake ya barua pepe na neno lake la siri. Ikamtaka mwenyewe.

Ile anwani nilimfungulia mimi, hapa hapa, kama nilivyowafungulia watu wengi wa mji huu ambao hawajui hata kwamba wanayo. Namba niliyoiandikisha, ya kurudishia neno la siri likisahaulika, ilikuwa ya laini ya zamani ya kibanda, iliyopotea. Neno la siri alilichagua yeye, akanigeuzia mgongo ili nisione. Nilijaribu jina lako. Nilijaribu langu, nikaona aibu. Hakuna. Wewe ukifika Aru, usimfungulie mtu anwani kwa haraka ili tu aondoke mezani. Mwache aandike mwenyewe, hata akitumia kidole kimoja mpaka jua linazama.

Unajua kufuli hiyo naiondoa kwa dakika chache. Programu ipo, mkono unaijua njia. Nikaifungua hiyo programu. Na hapo mkono ukagoma, kwa sababu ya kiti.

Kiti cha mama yako bado kiko pale mlangoni, alipokuwa akiuzia mayunite. Na kutoka kwenye kile kiti, kila mtu aliyeleta simu yenye kufuli aliulizwa kwanza. Ulikuwepo siku ya yule kijana wa kofia?

“Bonjour mama. Fundi anifungulie hii simu.”

“Bonjour mutoto. Mwenyewe iko wapi?”

“Si miye hapa!”

“Weye ni mwenye kuibeba. Minauliza mwenyewe. Hizi maua za rozi kwa kifuniko, ni zako?”

“Ni… ya bibi yangu.”

“Ah, bibi! Shika simu yangu, umupigie, atusalimie kidogo.”

“Namba yake iko mu hii simu, mama.”

“Unaona basi, mutoto wangu. Simu inajua bibi yako kupita weye.”

Benchi nzima ilicheka, na kijana akakumbuka ana safari.

Mimi nilikuwa nanung'unika. Nilimwambia anafukuza kazi, kwamba kwenye vibanda vingine hawaulizi. Akanijibu bila kuinua macho, “Na sisi gunia letu la Bambu, kama lingeibiwa, ungependa fundi gani?” Hilo nililielewa. Sikulielewa la pili mpaka leo.

La pili ni lile la waliokufa. Watu walipoanza kufika kutoka Djugu na simu za ndugu zao, sheria yake ikabadilika. Aje mmoja wa familia na mmoja wa jirani, wakae, waseme mwenyewe ni nani na yuko wapi. Ndipo mimi nifungue. Alikuja muzee mmoja na simu ya kijana wake, na jirani yake kando. Mama yako akauliza. Muzee akasema, “Mwenyewe alibaki kule.” Na mimi, bisibisi mkononi, wateja wamejaa, nikasema, “Alibaki ao alikufa? Muzee, sema wazi.”

Mama yako alinikanyaga mguu chini ya meza mpaka nikauma ulimi. Akaichukua simu, akaipumulia, akaifuta kwa ncha ya kikwembe chake, polepole, kioo na mgongo, kana kwamba ndiyo kazi tuliyopewa.

“Anaitwa nani, papa?”

“Dieudonné.”

“Dieudonné alikuwa anapenda nini?”

Muzee akafikiri. “Mupira,” akasema. “Na kulala.”

Jirani akacheka. Muzee mwenyewe akacheka. Halafu akalisema neno lile, bila mtu kumsukuma, akalirudia mara mbili, akalia, akaomba maji. Mimi nilidhani mama yako anapoteza muda.

Leo nilikuwa nimekaa upande wa muzee, na upande wa pili hakuna mtu.

Ndipo akaingia Mama Kavira, jirani yetu wa maharagwe, kuchukua simu yake aliyoiacha kwenye chaji. Akaona uso wangu.

“Papa Solange! Ile mashine ingali inakukatalia?”

“Imekubali. Sasa inauliza mwenyewe.”

“Basi si uiambie?”

Nikaisukuma simu mbele yake. Akaitazama, akaitambua. Halafu akavuta kile kiti. Hakuna mtu aliyekikalia tangu msiba, na nilitaka kumkataza. Akakaa kwa uzito wake wote, kikalia, akanyoosha kikwembe magotini kama mama yako alivyokuwa akifanya.

“Fundi,” akasema, “mwenyewe iko wapi?”

“Mama Kavira, tafadhali.”

“Mwenyewe iko wapi?”

“Hayuko.”

“Hayuko, iko wapi? Alienda Aru? Alienda kununua chumvi? Mbele ya hii kiti nilisikia watu wanajibu vizuri kukupita.”

“Unanitesa, mama.”

“Minajua. Aliitwa nani?”

“Marceline.”

“Marceline alikuwa anapenda nini?”

Nikamwambia juu ya karanga. Kwamba skrubu za kila simu alizipanga kwenye kifuniko chake cha soda, simu moja kifuniko kimoja, zisichanganyike, na kwamba siku nyingine aliweka karanga moja kwenye kifuniko kitupu, ili nikipeleka mkono kutafuta skrubu nishike karanga, na yeye pale mlangoni anajifanya anahesabu mayunite, mabega yanamtikisika.

“Na kunidai chumvi yake,” akasema Mama Kavira. “Kijiko kimoja! Alinidai mpaka mbele ya pasta.”

Tukacheka. Na katikati ya kicheko hicho nikasema, “Alikufa, Mama Kavira. Marceline alikufa.”

“Ndiyo,” akasema. “Miye ni jirani yake. Minamujua. Alikufa.”

Akafuta uso kwa kiganja, akachukua simu yake, akalalamika kwamba haijajaa, akaenda.

Nakuandikia mara tu baada ya hapo. Ulilolisema asubuhi lilikuwa kweli. Mama yako alikufa. Nimeliandika kwa mkono wangu ili usidhani hasira yangu ilikuwa jibu. Nilikutoa nje kwa kusema neno ambalo wageni kutoka kila kijiji walilisema mbele yangu, na mimi niliwaona wazito.

Kule Aru utakaa meza yako, na watu watapita kutoka nchi tatu, kila mmoja na haraka yake. Nimekufungia vifuniko vyote vya soda kwenye mfuko wa bluu, na bisibisi yangu ndogo, ile nzuri, uache kuniibia. Makosa ya simu utayajua kuliko mimi, tayari unayajua. Lile la kuuliza mwenyewe sikulifundisha mimi, lilitoka kwenye kiti, na wewe umelisikia tangu ukiwa mdogo. Siku utakayokuwa umechoka, mtu akikujibu kwamba mwenyewe alibaki kule, futa kioo kwanza. Mimi nilijifunza nikiwa nimechelewa, kwa mguu uliokanyagwa.

Sasa simu iko hapa mezani, imejaa chaji. Sijaiondoa ile kufuli. Programu iko wazi, imebaki kubonyeza. Lakini sheria yake inataka jirani mmoja na mmoja wa familia, na fundi hawezi kujishuhudia mwenyewe. Mama Kavira amekwisha kusema lake. Umebaki wewe.

Ukitoka kwenye korali najua utapita hapa kabla hatujafunga. Sitazungumza sana. Nitakupa barua hii, uisome pale mlangoni, na ukimaliza ukae kwenye kile kiti. Nitakuuliza kama ninavyowauliza watu, na wewe utanijibu alipenda nini, uniambie jambo moja nisilolijua. Halafu nitaifungua, nitakugeuzia mgongo, na wewe utaandika jina lako na neno lako la siri. Usiniambie ni lipi.

Laini yake nimekwisha kuiweka ndani. Ina mayunite ya kutosha, maana hakuna aliyeyatumia, kama ulivyosema. Kwenye simu yangu namba hiyo bado imeandikwa Mama Solange. Leo sijaweza kuibadilisha, na sitakudanganya kwamba nimejaribu. Kesho mkishapita Djugu mkafika Mahagi, nipigie, hata kama ni kwa kunung'unika juu ya vumbi. Jina lake litatokea kwenye kioo changu. Nitaliangalia kidogo, unisamehe nikichelewa kupokea. Halafu nitapokea, na nitasema, “Allô, Solange.”

Ni mimi papa yako, na ile skrubu moja bado naitafuta.